DELF au TCF: Mtihani Upi wa Kifaransa Unakufaa?

Wanaojifunza Kifaransa hawaachi kuulizana swali hili, ingawa mitihani yote miwili, DELF (diploma ya lugha ya Kifaransa) na TCF (jaribio la kupima ujuzi wa Kifaransa), inasimamiwa na taasisi moja ya umma ya Ufaransa, France Éducation international.

Kwa uhai wa cheti, DELF iko mbele: ni diploma isiyoisha muda, ilhali cheti cha TCF hudumu miaka 2 tu, na anayeahirisha safari hulazimika kulipa na kufanya upya. Hata hivyo, DELF ina hatari yake. Mtahiniwa huchagua ngazi mapema, kuanzia A1 (ya wanaoanza) hadi B2 (ya wanaojimudu vizuri), na asipofikisha alama 50 kati ya 100, au akipata chini ya 5 kati ya 25 katika stadi mojawapo, haondoki na diploma. TCF haina kufeli. Humwonyesha mtu ngazi aliyofikia.

Katika mahojiano ya DELF B2, mtahiniwa huchota mada mbili, huchagua moja, hujiandaa kwa dakika 30, kisha hutetea msimamo wake mbele ya watahini. Nionavyo mimi, maandalizi ya namna hiyo hujenga lugha kuliko mazoezi ya kuchagua jibu sahihi, kama yale ya TCF.

Anayelenga chuo kikuu nchini Ufaransa na ana muda wa kusoma atafaidika na DELF B2, ambayo vyuo vingi huipokea. Anayeomba ukaazi wa Kanada kupitia serikali ya shirikisho aiache, kwa kuwa haipokewi huko. Afanye TCF Canada, toleo la TCF la wanaohamia huko.