Kwant: programu ya kupimia shingo ya nanomita 40

Anayetaka kujua umbo la kipitishi kidogo mno linaifanyia nini elektroni, na hana maabara yenye jokofu la heliamu, aanze na Kwant. Ni maktaba ya Python, ya bure na yenye msimbo wazi, iliyoelezwa kwenye makala ya mwaka 2014 ya Groth, Wimmer, Akhmerov na Waintal. Unaichorea umbo, unaliunganishia nyaya, nayo inakokotoa uwezekano wa elektroni kupenya.

Jaribio zuri la kuipima ni lile lililofanyika Delft na Cambridge mwaka 1988: njia pana inayobanwa katikati ikawa shingo. Kadiri inavyobanwa, upitishaji hushuka kwa ngazi, na kila ngazi ni 2e²/h (e ni chaji ya elektroni, h ni kisobadilika cha Planck), yaani mikrosiemensi 77.5. Ikibaki ngazi moja, ukinzani ni kiloomu 12.9 hata kama waya hauna doa.

Tuchukue galiamu arsenaidi, ambamo masi ya elektroni huhesabiwa 0.067 ya ile ya kawaida. Gridi yenye nukta kila nanomita 5 (ndiyo a) inatoa t = ħ²/2ma², nishati inayounganisha nukta jirani, ya meV 22.7 (milielektronivolti); weka 4t kwenye kila nukta na −t kati ya majirani. Kwa nishati ya meV 10, wimbi lina urefu wa nanomita 47 hivi, kwa hiyo linapata nukta tisa. Ukitanua gridi hadi nanomita 15 zinabaki tatu tu, na hapo majibu hayaaminiki tena.

Raha ya Kwant iko kwenye `lat.shape`: umbo ni fomula inayojibu ndiyo au hapana kwa kila nukta. Badilisha mstari mmoja, shingo ya pembe kali inakuwa ya mviringo.

Ila upana una mtego. Nukta 8 si nanomita 40, kwa sababu ukuta uko hatua moja nje ya nukta ya mwisho kila upande. Upana halisi ni 45. Modi ya pili, yaani umbo la pili ambalo wimbi linaweza kupitia kwenye shingo, inafunguka kwenye meV 10.6 badala ya 13.3. Kwenye njia pana kosa hili halionekani, kwenye shingo linaharibu kila kitu.

Urefu nao una neno. Kwa upana huo wa 45 na nishati ya 10, modi ya pili imefungwa, lakini mkia wake unafika nanomita 30 hivi. Shingo ya nanomita 20 itavuja na ngazi italegea. Ya 150 inaiziba. Shingo ndefu yenye pembe za mraba huleta tatizo jingine: wimbi linagonga midomo yote miwili na kurudi, na juu ya ngazi vinatokea viwimbi. Vinapungua ukiutanua mdomo taratibu, tuseme ndani ya nanomita 100.

Kwenye matumizi: `transmission(1, 0)`, yaani upenyaji kutoka waya 0 kwenda waya 1, katika mfano huu haijahesabu spini (elektroni ina hali mbili za spini), kwa hiyo zidisha kwa 2e²/h, si e²/h. Nishati ikiwa chini ya modi ya kwanza ya waya utapewa sifuri bila onyo lolote. Vekta ya waya wa kushoto ielekee nje, `(-a, 0)`. Chora kwa `kwant.plot` kabla ya kukokotoa; makosa mengi yanaonekana kwa macho. Sakinisha kupitia conda-forge, na uhakikishe MUMPS (kikokotoo cha milinganyo cha kasi) imo, maana bila hiyo Kwant hutumia kikokotoo cha SciPy ambacho ni kizito.

Haihesabu elektroni zinavyosukumana, kwa hiyo usitegemee kuiona ile ngazi ya ziada kwenye 0.7 ya 2e²/h iliyoripotiwa mwaka 1996. Athari ya volteji ya geti, ile elektrodi inayoibana njia, pia utaikokotoa kwingine na kuileta mwenyewe. Joto ni juu yako vilevile: kwenye kelvini 4.2 nishati hutawanyika kwa meV 1.3 hivi, mara mbili ya ile 0.6 (kati ya 10 na 10.6) iliyokuwa ikifunga modi ya pili hapo juu. Shingo inayoonekana safi kwenye skrini, kwenye heliamu ya kimiminika ingekuwa imeshaanza kupitisha modi ya pili.