FreeSWITCH dukani Kirumba: simu imfuate mtu, isingojee mezani

Nasimamia mawasiliano katika duka la vipuri vya mashine za boti, Kirumba jijini Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Mtambo wetu wa simu unaendeshwa na FreeSWITCH, programu huria iliyoanzishwa na Anthony Minessale na wenzake waliokuwa wamechangia Asterisk, programu nyingine huria ya simu, kabla yake. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2008. Ninaipenda na ninaitetea popote. Lakini sababu ninayoipendea wauzaji wa mitambo ya simu huwa hawaigusi, wao hukimbilia bei ya simu za mezani.

Kazi yetu haikai mezani. Fundi asubuhi yuko dukani, mchana yuko Igombe ufukweni amefungua gia ya mashine, jioni yuko ghalani Nyakato anatafuta propela. Anayempigia yuko ziwani, Ukara, Kome au Nkome, mashine imezima na barafu ya samaki inayeyuka. Akisikia simu inaita tu bila kupokelewa, atapiga duka jingine, na simlaumu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichotaka ni saraka, yaani orodha moja inayojua kila mfanyakazi ni nani, yuko kundi gani na anapatikana kwa njia ipi. FreeSWITCH imejengwa juu ya wazo hilo. Kila mtumiaji ana ingizo lake kwenye saraka: namba ya ndani, nywila, kundi, na maelezo ya jinsi ya kumfikia. Sisi tuna makundi ya mauzo, ufundi na ghala. Kwenye mpango wa upigaji, yaani kanuni zinazoamua kila simu iende wapi, siandiki namba ya mtu yeyote. Naandika tu kwamba mpigaji anayebonyeza 2 apelekwe kundi la ufundi, kwa amri ya group_call, na mtambo wenyewe unaenda kuuliza saraka ni kina nani hao. Kijana mpya akiajiriwa namwongeza sehemu moja. Akiondoka namfuta hapo hapo, na hakuna simu inayoendelea kumtafuta mtu ambaye hayupo.

(Ukisakinisha leo, utakuta watumiaji wa mfano 1000 hadi 1019 wenye nywila 1234. Badilisha kabla hujaiunganisha seva na intaneti. Wezi wa dakika wanazunguka mtandaoni usiku kucha wakijaribu nywila hiyo.)

Orodha yenyewe inaweza kukaa kwenye faili za XML, yaani faili za maandishi zenye mipangilio, ndani ya seva. Inatosha kwa ofisi ndogo. Sisi tumekwenda mbele kidogo kwa mod_xml_curl, moduli ambayo huifanya FreeSWITCH iulize ukurasa wetu wa ndani kila inapohitaji kumjua mtumiaji. Karani wa ofisi anabadilisha zamu kwenye jedwali la kawaida, nami sigusi chochote. Ukurasa usipokuwa na jibu, mtambo hurudi kwenye faili zilizomo ndani, kwa hiyo nakala ya wale wa muhimu naiacha humo daima.

Sasa kuhusu kuita simu kadhaa. FreeSWITCH inatumia alama mbili nyepesi kabisa: koma kati ya namba maana yake ziite zote kwa pamoja, mstari wa wima maana yake jaribu hii, ikishindikana nenda inayofuata. Kwa group_call ni hivyo hivyo, unaongeza +A kwa pamoja au +F kwa zamu. Kundi la mauzo tunaliita lote pamoja, maana yeyote anaweza kutaja bei ya plagi. Kundi la ufundi linaanza na simu za ndani kwa sekunde 15, kisha simu za mkononi za mafundi. Mimi siungi mkono kuita kila mtu kila mara. Watu kumi wakiitwa kwa kila simu, baada ya muda kila mmoja anadhani mwenzake atapokea.

Kila simu inayoitwa ni tawi la wito, na penye ugumu hasa ni tawi linalotoka nje kwenda simu ya mkononi. Mtu akiwa amezima simu, mtandao wake unatoa sauti: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mwingine ameweka muziki badala ya mlio wa kuita. Sauti hizo zinafika kabla mtu yeyote hajapokea, na FreeSWITCH, usipoiambia vinginevyo, inalihesabu tawi la kwanza kuleta sauti kuwa ndilo lililoshinda na kukata mengine yote. Hapo mzee wa watu kule ziwani anasikia tangazo la mtandao huku mafundi wawili walikuwa tayari kupokea. Dawa ni kuweka ignore_early_media=true kwenye wito huo, ili kupokea halisi ndiko kuhesabiwe. Ukitoka na jambo moja kwenye maelezo haya, liwe hilo.

Bado kuna simu zinazoingia kwenye ujumbe wa sauti, ambazo kweli zinapokea. Hizo tumezizuia kwa group_confirm_key: anayepokea anasikia sauti ya dada wa ofisini, "Simu ya mteja wa duka, bonyeza moja," na mpaka abonyeze ndipo anaunganishwa. Mashine ya ujumbe haibonyezi. Faida nyingine ni kwamba fundi anajua ni simu ya kazi hata kama kwenye kioo imeonekana namba ya duka.

"Shikamoo mzee," alijibu fundi wetu siku moja akiwa kwenye bodaboda iliyosimama Buzuruga.

"Marahaba. Propela imepasuka, niko Bwisya. Nilijua mmeshafunga."

Hatukuwa tumefunga, na propela iliondoka na boti ya kesho yake. Kwa mteja yule ilikuwa simu ya duka iliyopokelewa, basi.

Kabla hujaweka haya, hesabu njia za laini yako ya SIP, yaani laini ya simu inayopita kwenye intaneti; njia moja hubeba simu moja. Kila tawi la nje linakalia njia yake wakati linaita. Ukiwa na njia 4, simu iliyoingia imechukua moja, mafundi watatu wakiitwa pamoja wamemaliza zilizobaki, na mteja anayefuata anakuta laini ina shughuli. Ndiyo maana simu za mkononi tunaziita kwa zamu, au tunawawekea mafundi Linphone, programu ya kupigia simu inayojisajili kwenye seva yetu kupitia data na haigusi njia za nje. Ila simu nyingi huzilaza programu ili kuokoa chaji, na programu iliyolala haiiti. Ruhusu Linphone ifanye kazi bila kizuizi cha betri kwenye simu ya kila fundi, moja baada ya nyingine. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayoleta matokeo.

Lisilonifurahisha ni kumbukumbu za simu ambazo hazikupokelewa. Mmoja akipokea, FreeSWITCH inazijulisha simu nyingine kwamba wito umejibiwa kwingine, na simu nzuri za mezani zinaelewa, haziandiki kitu. Habari hiyo haifiki kwenye simu za mkononi zilizoitwa kupitia laini ya nje. Fundi anaona namba ya duka imempigia, anapiga kuuliza, na dukani hakuna anayejua alikuwa anatafutwa kwa lipi. Tumekubaliana nao kwamba simu ya namba ya duka isiyo na ujumbe mfupi nyuma yake imeshashughulikiwa, na karani ndiye anayetuma ujumbe huo pale mteja anapobaki bila kuhudumiwa.

Kuisimika kunahitaji mtu anayesoma faili za XML bila kuogopa. Kama ofisini kwenu hayupo, mlipeni fundi wa mitandao aijenge saraka kwanza, na mambo ya vitufe na muziki wa kusubiri yaje baadaye.