Uzoefu wangu: nilibadili DNS ya kompyuta ya nyumbani, kurasa zikaacha kusitasita

Kwa miezi kadhaa kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa na tabia moja iliyonikera sana. Nabofya kiungo, skrini inabaki nyeupe, kiduara kinazunguka sekunde mbili tatu, halafu ghafla ukurasa mzima unajimwaga kwa mpigo, maandishi na picha. Nikipima kasi, kipimo kinasoma 20 Mbps, kiasi kilekile ninacholipia. Video hazikwami. Mafaili makubwa yanashuka bila taabu. Kuperuzi tu ndiko kulikokuwa kuzito.

Nilianzia pale wanapoanzia wengi: nikapakua programu inayodai kuongeza kasi ya intaneti. Ikabadilisha mambo chungu nzima kwenye rejista ya Windows (ghala la mipangilio yake ya ndani), ikanitangazia kwamba kasi imepanda, na kurasa zikaendelea kusubiri vilevile. Nilipofuatilia nikaelewa sababu. Tangu toleo la Vista, Windows hurekebisha yenyewe kiasi cha data ambacho TCP, utaratibu wa kusafirisha data mtandaoni, inakuwa tayari kupokea kwa wakati mmoja, kwa hiyo zile namba za enzi za Windows XP ambazo programu kama hizo huzibadilisha hazina kazi tena, na zinaweza hata kuharibu. Halafu kuna lile dai la siku nyingi kwamba Windows inajifichia asilimia 20 ya laini yako. Si kweli, na Microsoft yenyewe ilishalikanusha: programu iliyotengewa nafasi hiyo isipoitumia, nyingine zote zinaitumia. Nikairudisha kompyuta ilivyokuwa na kuiondoa programu ile.

Kilichonifumbua macho ni kubonyeza kitufe cha F12 ndani ya kivinjari cha Firefox. Pale kwenye sehemu ya mtandao unaona kila kitu ambacho ukurasa unakiomba, na ukibofya kimoja unaonyeshwa muda umekwenda wapi: kutafuta anwani, kuunganisha, kusubiri jibu, kupokea. Kwangu, kutafuta anwani peke yake kulikula zaidi ya nusu sekunde kwa tovuti ambayo sikuwa nimeifungua siku hiyo. Kupokea ukurasa wenyewe kulikuwa kufumba na kufumbua.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nahangaika na ugonjwa mwingine kabisa. Ukiandika jina la tovuti, kompyuta haina pa kwenda mpaka seva ya DNS iiambie jina hilo lina namba gani. Na ukurasa mmoja wa habari hauna jina moja tu. Picha zinatoka kwingine, fonti kwingine, matangazo kwingine, na kila jina jipya linaulizwa upya. Seva ikichelewa kujibu, uwe na 20 Mbps au 200, utasubiri vilevile. Maswali yangu yalikuwa yakienda kwenye seva ambayo ruta ilipangiwa na kampuni inayotuuzia intaneti. Wakati wa jioni, watu wengi wakiwa mtandaoni, ndipo ilipozidi kuchelewa.

Nikahamia 1.1.1.1, huduma ya bure ambayo Cloudflare iliizindua Aprili 2018. Kwenye Windows unafungua mipangilio ya mtandao, unachagua muunganisho unaoutumia, unaibadili DNS kutoka otomatiki kwenda kwa mkono, unaandika 1.1.1.1 na ya akiba 1.0.0.1. Kisha kwenye dirisha la amri unaandika ipconfig /flushdns ili majibu ya zamani yafutike. Dakika tano, tena bila haraka.

Siku ya kwanza sikuona tofauti, na nusura nikate tamaa. Kumbe nilikuwa nimebadili upande wa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za mtandao, peke yake. Ruta yangu inagawa pia anwani za IPv6, mfumo mpya zaidi, na kompyuta ilikuwa ikiendelea kuiuliza seva ileile ya zamani kupitia njia hiyo. Nikaweka 2606:4700:4700::1111 upande wa IPv6. Mambo yakabadilika papo hapo. Nikirudi F12, kutafuta anwani sasa huchukua milisekunde ishirini na kitu, na ile skrini nyeupe imepotea. Kama umejaribu kubadili DNS ukaona hakuna kitu, tafadhali kagua hapo kabla ya kulaumu huduma. Kagua na kivinjari chenyewe, kwa sababu kikiwa kimewekewa DNS yake yenyewe iliyosimbwa kwa njia fiche, hakitajali ulichokiandika kwenye Windows.

Haikukosa dosari. Video za tovuti moja ninayoipenda zilianza kuchelewa kuanza. Tovuti kubwa huwa na seva sehemu nyingi, na baadhi yao huamua wakupeleke wapi kwa kuangalia swali la DNS limetoka wapi. 1.1.1.1 haiwapelekei sehemu ya anwani yako, kwa ajili ya faragha, kwa hiyo unaweza kuelekezwa kwenye seva ya mbali zaidi. Ile ya Google, 8.8.8.8, huipeleka kwa tovuti zinazoitaka. Nikaijaribu kwa wiki nzima: video zikawa sawa, ila kutafuta anwani kwangu kukawa kunachelewa kidogo kuliko 1.1.1.1. Mimi nasoma kuliko ninavyotazama, nikarudi Cloudflare. Anayetazama sana angeweza kuchagua tofauti, na angekuwa sahihi.

Ukihama na kompyuta mpakato kwenda kwenye Wi-Fi ya hoteli, ukurasa wa kuingilia unaweza ukagoma kufunguka mpaka urudishe DNS ya otomatiki. Na kama kampuni yako ya intaneti inachuja maudhui kwa ajili ya watoto kupitia DNS, kichujio hicho kitapotea; badala yake unaweza kuweka 1.1.1.3 ya Cloudflare, ambayo huzuia tovuti zenye programu hasidi na za ngono.

Baada ya hapo nilivuta kebo kutoka kwenye ruta hadi mezani, kwa kuwa masafa ya 2.4 GHz nyumbani kwetu yamejaa Wi-Fi za majirani. Hiyo ilisaidia mikutano ya video isikatike, lakini kwa kurasa haikuongeza kitu ninachoweza kukiona. MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, nimeiacha 1500 kama ilivyokuwa. Wiki iliyopita niliingiza namba zilezile za DNS kwenye ruta, na sasa simu zote za nyumbani zinazifuata.