Tathmini: open na with za Python kwa programu za duka

Kwa anayeandika programu ndogo ya mauzo ya duka la Kikuubo jijini Kampala, au ya chama cha akiba kule Mbale, open (amri ya kufungua faili) na with (inayolifunga yenyewe kazi ikiisha) za lugha ya Python ni jozi ya kuaminika. Tunaipa 4 kati ya 5. Alama moja imepungua kwa sababu wengi hudhani faili likishafungwa data iko salama kwenye diski, na chombo chenyewe hakiwaonyi.

Uzuri wake ni huu: ukiandika `with open("mauzo.csv", "a", encoding="utf-8") as f:` na kazi yako ukaisogeza ndani chini yake, faili hufungwa mara msimbo unapotoka kwenye fungu hilo, hata ukitoka kwa kosa. Kabla ya toleo la 2.5 la mwaka 2006 ilibidi f.close() iwekwe kwa mkono ndani ya finally (fungu linalotekelezwa hata kukiwa na kosa). Java ilipata kitu cha namna hiyo mwaka 2011, kwenye toleo la 7. Katika C, fclose bado ni juu yako.

Herufi inayofuata jina la faili ndiyo yenye hatari. "a" huongeza mwishoni, "x" hukataa faili likiwa tayari lipo, lakini "w" hulifuta faili la zamani papo hapo linapofunguliwa, kabla hujaandika hata herufi moja. Chukua orodha ya bidhaa yenye neno la Kiganda eŋŋoma. Kwenye Windows, matoleo mengi ya Python yasiyotajiwa encoding (namna ya kugeuza herufi kuwa baiti) hutumia cp1252, jedwali la zamani la herufi la Windows, na herufi ŋ haimo humo. Programu inasimama kwa UnicodeEncodeError, with inalifunga faili vizuri kabisa, na orodha ya jana imeshapotea. Taja utf-8, ambayo ŋ imo, kila mara, wakati wa kuandika na wakati wa kusoma.

Dawa ya "w" ni kuandika kwanza kwenye faili jipya, tuseme bidhaa.csv.mpya, ulifunge, kisha utumie os.replace kulipa jina la lile la zamani. Mafaili yote mawili yawe kwenye folda moja, maana ukivuka kutoka diski hadi flashi, os.replace hugoma.

Sasa umeme. Unachoandika kwa f.write hukaa kwanza kwenye bafa ya Python (hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu), ambayo kwa miaka mingi imekuwa baiti 8,192. Kwa mistari ya baiti 40 hivi, hiyo ni kama miamala 200 ambayo haijatoka hata kwenye programu. Kufunga faili huisukuma kwa mfumo endeshi, nao huishika kwenye kumbukumbu yake kwa muda kabla ya kuifikisha kwenye diski. Umeme ukikatika hapo katikati kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, risiti ambayo mteja ameshaondoka nayo haionekani tena kwenye hesabu. Kwa hiyo, ukiwa bado ndani ya with, baada ya kila risiti weka f.flush(), inayomwaga bafa, halafu os.fsync(f.fileno()), inayoulazimisha mfumo endeshi kuandika kwenye diski. Usiiweke baada ya kila mstari: kwenye diski ya kuzunguka, mistari elfu kumi itakuchosha kusubiri.

Jambo jingine ambalo wachache hulizingatia: kufunga nako kunaweza kushindikana. Diski ikiwa imejaa, f.write ya maandishi machache hupita kimya kwa kuwa inajaza bafa tu, na kosa hutokea faili linapofungwa. Basi ujumbe wa "imehifadhiwa" utolewe baada ya fungu la with, kamwe si ndani yake.

Makosa mengine hujitambulisha yenyewe. PermissionError kwenye Windows mara nyingi ni karani aliyeiacha mauzo.csv wazi kwenye Excel; aifunge, ujaribu tena. "Too many open files" kwenye Linux, ambako kikomo cha kawaida ni mafaili 1,024 kwa programu moja, mara nyingi maana yake kuna open ndani ya kitanzi (loop) bila with. Na ukitumia moduli ya csv ongeza newline="", la sivyo kwenye Windows kila safu itafuatwa na mstari mtupu.