Tochi ya UV ya nanomita 365 kwa kukagua magwanda ya kale: uzoefu wangu

Nimeitumia tochi hii ya UV (miali ya urujuanimno) kwa zaidi ya mwaka kukagua kama sare kuukuu za kijeshi ni za kweli, nyingi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, na chache zinazouzwa kwa jina la Schutztruppe, jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kabla ya kulipa, angalia namba ya nanomita, yaani urefu wa wimbi la mwanga. Tochi za bei nafuu za kukagulia noti, zile zenye vitaa vingi vidogo usoni, kwa kawaida ni za nanomita 395. Hizo humwaga mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana kwa macho, na kila unachokimulika kinaonekana kama kinawaka. Hii ya 365 ina kioo cheusi mbele kinachochuja zambarau hiyo. Ukimulika ukuta mtupu unakaribia kudhani imezimika. Tochi ya kazi hii ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Funga mapazia, zima taa, subiri kama dakika tano macho yazoee giza. Kando ya gwanda weka karatasi mpya ya A4 na kipande cha amerikani ambacho hakijawahi kufuliwa. Karatasi itawaka buluu-nyeupe kwa nguvu, amerikani itabaki imefifia na umanjano kidogo. Kila uzi utakaouona, ulinganishe na hivyo viwili. Vaa miwani ya kuzuia UV, na usimulike sehemu moja ya kitambaa zaidi ya sekunde chache, maana miali hiyo hiyo ndiyo inayochujua rangi.

Kinachowaka kwenye karatasi ile ni kemikali ya kung'arisha weupe. Kemikali hizo zilienea kwenye sabuni za unga, nguo na nyuzi baada ya Vita Kuu ya Pili. Schutztruppe ilisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Basi ukiletewa gwanda "la 1916" ambalo mishono yake yote inawaka kama karatasi ya A4, hapo hapana mjadala mrefu. Polyester nayo ilivumbuliwa mwaka 1941, na nyuzi zake za kushonea ni za baadaye zaidi.

Ila taratibu. Gwanda halali likifuliwa mara moja tu kwa sabuni ya unga ya siku hizi litawaka. Tofauti iko kwenye mpangilio wa mwanga. Sabuni huacha mwanga uliotanda kama ukungu juu ya kitambaa na uzi kwa pamoja. Uzi mpya huchora mstari. Kwenye gwanda moja la kaki, mwili mzima ulibaki kahawia ya giza, mishono ya mabega pia, lakini kuzunguka beji ya mkononi palikuwa na vidoti vya buluu vilivyopangana kama mchwa. Gwanda lilikuwa la kweli. Beji ilishonwa juzi ili kupandisha bei.

Ukishuku, chomoa uzi wa sentimita moja kutoka ndani ya upindo, uushike kwa kibano na kuuchoma. Pamba huungua haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Polyester hunywea, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu hunuka nywele.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawasemi ni kwamba tochi hii inaweza kukanusha tu, haiwezi kuthibitisha. Mghushi anayejua kazi atatumia pamba isiyong'arishwa, na hapo giza totoro halina maana yoyote. Kwa hiyo washa taa urudi kwenye kitambaa. Inua kifuniko cha mfuko: gwanda lililochakaa kwa jua lina kaki iliyokoza chini ya kifuniko na iliyopauka kukizunguka. Lililochovywa kwenye chai ya rangi limekolea sawasawa kote, hata ndani ya bitana.

Kwa medali tochi husaidia utepe tu. Utepe wa nailoni unaowaka si kosa la medali, tepe hubadilishwa. British War Medal ya 1914–1918 ikague kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo na unene: kipenyo ni milimita 36, na herufi za ukingoni ziligongwa kwa mashine, hazikuchongwa kwa mkono. Ukipima sehemu nne na moja ikawa nyembamba, ukingo umepigwa tupa ili jina la zamani lifutwe.

Faida ambayo sikuitarajia ni katika utunzaji. Jasho la zamani ambalo mchana halionekani huwaka manjano hafifu ukosini na makwapani, na baadhi ya koga huonekana kabla hazijaenea. Sehemu hizo nazisafisha kwa brashi laini, nikiikunja sare sipitishi kunjo hapo, na sitii nguo kwenye mfuko wa nailoni. Kwa unyevu wa Pwani mfuko huo huotesha ukungu. Tarabushi na sufu nyingine, ambazo nondo huzipenda, hufungwa vizuri na kukaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha hazifunguliwi hadi zirudi kwenye joto la chumba. Zikifunguliwa mapema, hulowa umande.

Nyota niliyoipunguza ni ya joto na swichi. Baada ya dakika tano hivi mwili wa tochi unachoma mkono na mwanga unafifia, kwa hiyo kagua kwa vipindi. Swichi haina kufuli, ikabonyezwa ndani ya begi na kumaliza betri. Legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko unapoibeba, na pangusa springi ya betri kila mwezi, maana chumvi ya hewani huishikisha kutu.