Uzoefu wangu: kupima mlango wa kizazi Lubumbashi, kwa sisi tunaopenda wanawake

Jina la kituo ninachokisifu hapa siliandiki, wala mtaa wake. Wametunza siri yangu, nami natunza yao. Ni kituo kidogo cha afya, hapa hapa Lubumbashi, na nilielekezwa na dada mwenzetu. Wengi wetu tunakifikia kwa njia hiyo.

Nilikuwa nimeshapita miaka 30, umri ambao Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Wanaoishi na VVU wanashauriwa waanze wakiwa na 25. Hospitali niliyoanzia, muuguzi alichukua fishi, yaani kadi ya mgonjwa, akauliza jina la bwana. Sina. Watoto? Sina. "Haulalake na banaume?" Nikamjibu hapana. Akaweka kalamu chini: "Basi mama, hauna lazima ya kile kipimo. Ni ya bamama ba kuolewa."

Alisema kwa upole, bila dharau yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu aliamini anachosema. Lakini si kweli. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na virusi vya HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinasababisha takriban 70% ya saratani hizo. Virusi hivyo vinapita ngozi ya sehemu za siri inapogusana na nyingine, vinapita kwa vidole, vinapita kwa vifaa ambavyo wapenzi wanatumia pamoja. Havingoji mwanaume. Tena wengi wetu tumewahi kuwa na wanaume: kwa mapenzi, kwa ndoa ya kusukumwa na ukoo, au kwa nguvu. Katika nchi ambayo ubakaji umefanywa silaha ya vita, namna muuguzi anavyouliza swali hilo si jambo dogo.

Kwenye kituo hiki, mama anayepima alifunga mlango kwanza, akavuta kiti akakaa karibu nami, halafu ndipo akauliza: "Unalalaka na banaume, na banamuke, ao na bote? Niambie tu, njo nijue ya kuangalia." Sauti yake ilikuwa ile ile aliyoniulizia kama nina presha. Nilimjibu, akaandika, akaendelea. Hakunitazama mara mbili, hakuniuliza kanisa ninalosali. Akauliza pia kama nimewahi kulazimishwa na mtu, akasema naweza kunyamaza nikitaka.

Kipimo chenyewe nilikiogopa kuliko jibu lake. Alinionyesha spekulamu, kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane, kabla ya kuitumia, akachagua ndogo, akaniambia naweza kuiingiza mwenyewe, na nikisema "simama" anasimama. Nilisema. Alisimama kweli, akangoja hadi pumzi yangu ikatulia. Halafu akapaka asidi asetiki, jamaa ya siki ya jikoni, akasubiri kidogo: penye mabadiliko ya hatari ngozi hugeuka nyeupe. Kwangu hapakugeuka. Alinieleza kwamba hata pangegeuka bado si saratani. Mara nyingi madoa hayo yanatibiwa mapema kwa kuchomwa na joto au kugandishwa kwa baridi. Nirudi baada ya miaka 3.

Mwenzangu alikwenda baadaye. Yeye aliolewa, ana mtoto, na moyo wake unapenda kote kuwili. Kwa muda mrefu alisumbuliwa na majimaji yenye harufu, na famasia moja ilimuuzia dawa ya fangasi tena na tena. Hapa walichukua majimaji wakayaangalia labo: hazikuwa fangasi, ni bakteria wa ukeni waliopoteza uwiano. Hali hiyo huonekana zaidi kwa wanawake wanaolala na wanawake, na mara nyingi wapenzi wote wawili wanakuwa nayo. Alipewa metronidazoli, na wote wawili tukaambiwa tubadilishe kondomu kwenye kifaa kinapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Walizungumza naye pia kuhusu uzazi wa mpango na kipimo cha VVU, kwa maisha anayoishi kweli. Hakuna aliyemwambia achague upande. Alitoka analia, akaniambia ni mara ya kwanza kumweleza muganga habari yake yote.

Sasa yale yasiyonipendeza. Daftari la mapokezi linakaa wazi mezani, na kila anayeinama kulipa anaweza kusoma kilichompeleka mwenzake. Kwetu sisi hilo ni hatari ya kupoteza nyumba au kazi, na nimewaambia. Bei ya glavu na ya labo unaijulia kwenye kasa, pale pa kulipia, haijabandikwa popote. Siku ya mwenzangu, kijana wa mafunzo aliingia bila kubisha hodi. Mama yule alimtoa papo hapo, lakini mlango ule unahitaji komeo. Na kipimo cha HPV ambacho mwanamke anajichukulia mwenyewe kwa kijiti, ambacho kingewafaa sana wanaoogopa spekulamu, hawana bado.

Kuna wanaoniuliza kama tunaweza kushtakiwa kwa kusema ukweli kwa daktari. Kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya wanawake wawili, ila vifungu vya kulinda maadili vimewahi kutumiwa kuwatisha watu wetu. Kwa hiyo usifungue moyo kwa kila koti jeupe. Uliza kwanza nani ataona fishi yako, na sikiliza jibu linakuja vipi.

Anayetaka kwenda amuulize dada anayemwamini. Fika asubuhi, uwe nje ya siku zako za hedhi, beba franka za ziada kwa ajili ya labo, na umuombe yule mama mwenyewe, si yeyote aliye zamu.