Interrail ya Siku Saba: Miji Sita kwa Tiketi Moja

Septemba iliyopita sisi wanafunzi wanne, Watanzania wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Bujumbura, tuliondoka Leipzig, Ujerumani, na kurudi Leipzig baada ya siku kumi, tukiwa tumepita Praha, Vienna, Budapest, Venezia, Milano na Zürich kwa tiketi ya treni iitwayo Interrail. Tangu turudi nimeulizwa mara nyingi kama tiketi hiyo inalingana na bei yake. Jibu langu ni kwamba inategemea siku zake unazitumia kwenda wapi, na kwamba sisi tatu za kwanza tulizitapanya.

Kwanza ieleweke ni nini kinachouzwa. Interrail ilianza mwaka 1972 kwa ajili ya vijana wasiozidi miaka 21, na leo inauzwa kwa mtu wa umri wowote na kukubalika katika nchi 33. Haiangalii uraia peke yake bali na makazi: Mtanzania anayesoma Ulaya kwa kibali cha kuishi huinunua sawasawa na Mjerumani, ilhali ndugu yake anayetoka Dar es Salaam kwa matembezi atanunua Eurail, ambayo ni tiketi ya aina ileile kwa wakazi wa nje ya Ulaya. Asiyezidi miaka 27 hupata bei ya vijana. Tulichukua ya daraja la pili yenye siku saba za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, tukalipa chini kidogo ya euro 300 kila mtu. Siku ya kusafiri huanza saa sita usiku na kwisha saa sita ya usiku unaofuata, na ndani yake unaweza kupanda treni mbili au kumi. Katika nchi unayoishi, hata hivyo, unaruhusiwa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu, kwa hiyo anayetaka kuizunguka Ujerumani yenyewe atafute tiketi nyingine. Jambo la kuangalia pia ni viza: tiketi inakubalika Uingereza, lakini kibali cha kuishi Ujerumani hakikuvushi kwenda huko.

Tiketi yenyewe siku hizi kwa kawaida haina karatasi. Inakaa ndani ya simu, katika programu iitwayo Rail Planner, na kila treni unayokusudia kupanda lazima uiingize humo kabla ya kupanda, ndipo programu ikupe msimbo wa kumwonyesha mkaguzi. Aliyezoea SGR ya Dar es Salaam na Dodoma, ambako unakaguliwa kabla ya kufika kwenye treni, atashangaa kuona stesheni kuu ya Vienna haina geti lolote. Unaingia moja kwa moja hadi kwenye behewa, na ukaguzi unakukuta umekwisha kukaa. Ubaya wa utaratibu huu tuliuona baina ya Praha na Vienna. Mwenzetu wa Bujumbura alikuwa amepiga picha asubuhi nzima, na mkaguzi alipofika kwenye safu yetu simu yake ilikuwa imezima kabisa. Kwa kanuni, asiyeweza kuionyesha tiketi ni sawa na asiye nayo. Tulichomeka chaji chini ya kiti huku sote wanne tukiutazama mstari mwekundu wa betri kama watu wanaochungulia chungu cha maharage, na mkaguzi, kwa uungwana wake, akasema atapita tena baada ya kumaliza mabehewa mengine. Alipita tena. Msimbo ulikuwa umefunguka dakika moja kabla.

Sasa nieleze kuhusu kutapanya. Kutoka Leipzig tulikwenda Dresden, kisha tukaufuata mto Elbe hadi Ucheki, reli ikipita ukingoni kabisa chini ya majabali ya mchanga, nami siijutii hata dakika moja ya njia hiyo. Lakini tiketi za kawaida kati ya Dresden na Praha, Praha na Vienna, na Vienna na Budapest, ukizinunua mapema, huwa nafuu sana, na kwa siku kama hizo ulichokilipia ni uhuru wa kuchagua treni tu, si punguzo la nauli. Sisi tulizitumia siku tatu nzima za tiketi kwenye vipande hivyo vitatu. Lililo baya zaidi ni kwamba siku zilizolipiwa zinakuwasha mguu. Unaamka Praha, hujalitembea vizuri hata Daraja la Charles ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1357, na tayari kuna anayesema kwamba tuna siku sita za treni na mwezi ni mmoja, twende zetu. Praha tulilala usiku mmoja. Vienna tulilala usiku mmoja pia, na nikiulizwa kuhusu mji huo naweza kueleza gurudumu kubwa la kubembea watu la bustani ya Prater kwa mbali na stesheni kwa undani. Budapest peke yake tuliipa siku mbili, tukapanda ile njia ya zamani ya treni ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1896, yenye vibehewa vidogo mfano wa vya kuchezea, kisha tukashinda kwenye mabwawa ya kuogea ya maji ya moto ya Széchenyi mpaka vidole vikajikunja.

Tulipoanza kuitumia tiketi kwa akili ilikuwa siku yake ya nne. Asubuhi tulitoka Budapest kurudi Vienna, na saa tatu usiku ilipopita kidogo tukapanda Nightjet, treni ya usiku ya kwenda Venezia. Kanuni inasema ukipanda kabla ya saa sita usiku na usibadilishe treni baada ya hapo, safari yote huhesabiwa katika siku uliyopanda. Kwa hiyo siku moja ya tiketi ilitutoa Hungaria ikatufikisha Italia. Treni hiyo haipandwi bila malipo ya nafasi, nasi tulitoa zaidi ya euro 30 kila mmoja kwa kitanda katika chumba cha watu sita, bei ambayo hosteli ya Venezia ingetutoza na pengine kuzidi. Vitanda ni vyembamba, vimepangwa vitatu vitatu kwenda juu kila upande, na aliye juu kabisa hawezi kuketi. Asubuhi huletwa mikate midogo, siagi, jemu na chai. Mnamo saa mbili na nusu tulitoka nje ya stesheni ya Santa Lucia, na pale ambapo katika mji mwingine ungekuta teksi na daladala pana ngazi, kisha maji. Mwenzetu wa Mombasa alisimama kimya, halafu akasema Lamu nayo haina magari ila ina punda wa kubeba mizigo, akajitwika mkoba wake. Tulitembea kwa miguu siku nzima, maana tiketi ya boti ya dakika 75 ni euro 9.50 na Interrail haihusiki nayo.

Italia ndiko unakofahamu kwamba tiketi hii haifungui kila mlango bure. Treni za kasi hudai malipo ya kiti juu ya tiketi yako, na kwa watu wanne malipo hayo hujilimbikiza. Treni za mikoa hazidai chochote. Tulikwenda Milano kupitia Verona kwa treni hizo, tukapoteza muda wa saa moja na nusu hivi na kubaki na pesa ya chakula cha jioni. Ufaransa mambo ni magumu zaidi, kwa sababu TGV, yaani treni za kasi za huko, zote zinahitaji kiti kilicholipiwa, na ndiyo sababu Paris, ambayo ilikuwa kwenye orodha yetu ya kwanza, tuliifuta.

Siku ya sita peke yake ingeweza kunirudishia moyo wa kununua tena. Kutoka Milano kwenda Zürich kuna treni ya moja kwa moja inayopita chini ya milima kwa handaki la Gotthard lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa kilomita 57. Inadai malipo ya kiti, na kwa muda mrefu dirishani hakuna cha kuona ila uso wako mwenyewe. Tuliiacha. Tulichukua treni za mikoa hadi Bellinzona, upande wa Uswisi, tukahamia ile inayoitwa Treno Gottardo, ambayo bado inapanda kwa reli ya juu ya mwaka 1882, haidai malipo ya kiti, na tiketi yetu ilitosha. Reli hiyo hujizungusha ndani ya mlima ili ipate kimo, hata kanisa dogo jeupe la Wassen unaliona mara tatu: mara liko chini yako, mara mko sawa, mara liko juu na wewe ndiye unayeteremka. Mara ya pili tulidhani ni kanisa jingine. Mama mmoja Mswisi aliyeketi mbele yetu akatikisa kichwa, akatuonyesha vidole vitatu. Nauli za kawaida za Uswisi ni kubwa kiasi kwamba siku kama hii, pamoja na siku ya saba ya kutoka Zürich hadi Leipzig, ndizo zilizoilipia tiketi yote.

Ningeombwa kuipa alama, ningeipa saba kwa kumi, na mbili kati ya tatu nilizokata nazikata kwa kushurutisha kila kitu kipite kwenye simu. Ningerudi tena ningechukua ile ya siku nne, nikanunua tiketi za kawaida hadi Budapest, na kuziweka siku zote nne kwenye treni ya usiku, Italia, Uswisi na kurudi nyumbani.

Siku ya saba treni moja ilichelewa, tukaikosa iliyokuwa ituunganishe, lakini hapo tiketi ilitutetea, kwa kuwa hatukufungwa na treni maalumu kama wenye tiketi za bei ya chini. Tuliingiza treni iliyofuata kwenye programu tukapanda. Tulishuka Leipzig saa sita usiku na dakika chache, siku yetu ya mwisho ikiwa imekwisha njiani. Tramu haimo kwenye Interrail, kwa hiyo wenzangu watatu, walioishi miji mingine na waliokuwa walale kwangu, walipanga foleni kwenye mashine kutafuta sarafu, na mmoja wao mfukoni mwake alikuwa na forinti, pesa za Hungaria, tupu.